Ngozi ya Udaghwenga

Wadogo zangu wa zahanati, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, mkanipa mbuzi, kisha mkanipa na kazi. Kitenge nimeshashona. Mbuzi anakula maharage ya jirani hapa Maretadu na kunitafutia ugomvi. Kazi ndiyo hii ninayoianza leo, ya kuwaandikia niliyoyaona katika miaka yangu ya uuguzi, hasa ya watoto wachanga. Nilidhani kustaafu ni kupumzika, kumbe ni kubadilisha mwajiri.

Ya vyeo sitaandika. Vilikuwa vichache, na hakuna mtoto hata mmoja aliyepona kwa sababu ya cheo changu. Nitaandika ya kikombe, maana mmekiona kwenye kabati la chumba cha kujifungulia na najua kuna anayekitumia kunywea chai. Aache.

Nilianzia Endasak, kwenye mteremko wa mlima Hanang. Siku ya kwanza nilipanda kwa miguu kutoka barabarani, nimevaa viatu vyeupe vipya alivyoninunulia baba, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilipofika mlangoni vilikuwa na rangi ya shamba. Muuguzi mkuu alikuwa Sista Filomena, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alivitazama viatu kabla hajanitazama mimi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Viatu vizuri. Kesho njoo na vya kazi."

Hiyo ndiyo semina elekezi niliyopata. Kabla ya mchana alinikabidhi mtoto ambaye mama yake alikuwa hajapata nguvu baada ya uzazi mgumu, akanipa na kikombe kidogo cha kahawa, cha udongo mweupe, kilichovunjika mkono. Ndani yake mlikuwa na maziwa aliyokamuliwa yule mama. Mimi, kwa haraka ya kuonekana mchapakazi, nikamlaza mtoto chali, nikamimina. Mtoto akapaliwa, akageuka rangi, nami nikageuka rangi pamoja naye.

Sista Filomena alimchukua, akampigapiga mgongoni mpaka akalia. "Paskalina," akasema, "wewe unamwagilia bustani? Mtoto hanyweshwi. Mtoto anakunywa."

Akanionyesha. Alimketisha mtoto wima mapajani, amemfunga mikono kwa kanga, kichwa na shingo vimelala kwenye kiganja chake. Akaleta ukingo wa kikombe mpaka mdomo wa chini, akakiinamisha hadi maziwa yakaugusa mdomo, akaishia hapo. Hakumimina hata tone. Alisubiri. Nilikuwa nimechoka kusubiri kabla mtoto hajafanya chochote, halafu nikaona ulimi mdogo ukitoka, ukaonja, ukarudi ndani, ukatoka tena. Kiumbe ambaye hajui hata mkono wake ni wake alikuwa anajichotea maziwa kwa ulimi, anameza, anapumzika, anaendelea. Hakuna aliyemfundisha. Nilisimama pale na viatu vyangu vya tope, mwili umenisisimka, nikajua nimepata kazi nitakayozeekea.

Mtoto wa pili aliyenifunza hapo Endasak alikuwa wa mwalimu wa shule ya msingi. Likizo ya uzazi ilikwisha, akarudi darasani, akamwacha mtoto na mama mkwe. Maziwa alikamua vizuri, kikombe walikijua, lakini mtoto alikuwa hagusi. Tulikwenda na Sista Filomena nyumbani kwao. Bibi wa mtoto alikuwa amefuata kila tulichomwambia, na mtoto alikuwa analia huku kichwa amekielekeza kwenye mlango wa jikoni. Sista Filomena akautazama ule mlango kwa muda.

"Mwalimu," akaita, "toka huko."

Mwalimu akatoka jikoni, macho mekundu. Kumbe kila siku alikuwa anatoroka shule na kujificha pale nyuma ya mlango, asikilize kama mtoto atakula.

"Hajaniona, Sista," akajitetea. "Sijakohoa hata."

"Amekunusa. Wewe ungekubali ugali baridi kama unasikia nyama inachemka jikoni? Nenda kafundishe."

Mwalimu akaenda, analia njia nzima. Alipokwisha kupotea kwenye mahindi, mtoto alinung'unika, akatafutatafuta hewani kwa pua, halafu akashusha pumzi kama mzee aliyeshindwa kesi. Bibi akamwekea kikombe mdomoni, akanywa. Mimi nilikuwa nafikiri mtoto mchanga anamjua mama kwa sura na sauti. Siku ile niliamini kwamba pua yake inapita mlango wa mbao.

Sista Filomena alipostaafu alinipa kile kikombe. Nami nilihamishiwa huko tambarare, Getanuwas, nikakifunga kwenye kitambaa na kushuka nacho.

Mnajua wenyewe, mtu akitoka Mbulu akashuka kwa wafugaji anakuwa mgeni kuliko mzungu. Akina mama walikuja kliniki, wakawaning'iniza watoto kwenye mizani, wakachanjwa, wakaondoka bila maneno mengi. Niliposimama mbele yao na kueleza namna mama anavyoweza kukamua maziwa yake akaacha nyumbani, walitazamana, wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Sista anataka kutuingiza zizini!" mmoja akasema. Aliyesema hivyo aliitwa Udaghwenga, mke mdogo katika boma lililo upande wa pili wa zahanati, msichana mrefu mwenye mwanya, ambaye kicheko chake kilikuwa kinaanza kabla ya mzaha kwisha. Mwaka mmoja baadaye alijifungua mikononi mwangu mtoto wa kiume, wakamwita Gidamis. Ndiye mtoto ninayetaka kuwasimulia.

Gidamis alikuwa na miezi minne hivi. Siku ya mnada Udaghwenga alimwacha na mke mwenzake, Mama Safari, akapanda bodaboda kwenda kuuza jogoo na kurudi haraka. Njiani pikipiki iliteleza, ikamwangukia mguu, mfupa ukatoka nje. Gari la wagonjwa lilimchukua palepale, mumewe akarukia ndani, na kutoka hospitali ya wilaya wakapewa rufaa ya mbali, kwa madaktari wa mifupa. Jioni ile mvua ikapiga mlimani. Kufikia asubuhi korongo linalotutenga na barabara lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya chai yanavuta miti mizima. Mama yuko upande wa huko na mtoto yuko upande wa huku, na hapakuwa na gari wala maksai wa kuvuka.

Mama Safari alinifikia asubuhi hiyo, mtoto mgongoni. Alikuwa na binti yake wa mwisho anayetembea lakini bado ananyonya, kwa hiyo maziwa alikuwa nayo.

"Sista, shikamoo. Huyu amekataa," akasema. "Tangu jana. Nikimpa titi anageuka. Nikimpa tena ananisukuma na mikono."

Nilimpima Mama Safari damu kwanza, kama inavyopasa kwa mwanamke atakayemnyonyesha mtoto asiye wake, nikakuta yuko salama. Kisha tukaanza. Nilimjaribu mtoto kwa titi, amelazwa, ameketi, ametazama nje. Nilimjaribu tukiwa tunatembea, maana wengine hukubali kwenye mwendo. Nilimjaribu akiwa katika usingizi mwepesi, na hapo alimeza matone kidogo, akashtuka, akagundua tumemdanganya, akalia kwa hasira ya mtu mzima. Nikatoa kikombe cha Sista Filomena. Mama Safari alikamua, bila kucheka safari hii, nikaleta ukingo mdomoni, nikasubiri. Alifumba midomo. Nikaendelea kusubiri, na ulimi haukutoka.

Mrija wa kupitisha puani wa saizi yake sikuwa nao. Dripu kwa mtoto anayeweza kumeza lakini hataki ni kitu cha mwisho, na dawa ya kumfanya mtoto akubali hakuna kiwanda kinachotengeneza. Nilichokuwa nacho ni hivyo vitone vya usingizini, na nilijua havitamfikisha mbali. Jioni nepi yake ilikuwa karibu kavu.

Nililala nao bomani, kwenye nyumba ya Bibi, mama wa yule mume. Bibi alikuwa mwanamke mkavu, wa maneno machache, Kiswahili chake cha kuhesabu. Alimpokea mjukuu, akamtazama usoni, akamrudisha kwa Mama Safari. "Anamngoja mama yake," akasema. Hilo hata mimi nililiona, ila sikuwa na ujasiri wa kulisema kwa ufupi hivyo.

Asubuhi nilikwenda zahanati kuangalia wagonjwa wengine, nikarudi kabla jua halijakaa kichwani. Nilipoingia bomani nilinusa harufu ya sabuni kabla sijaona mtu. Kwenye ua wa miiba zilikuwa zimeanikwa shuka zote za Udaghwenga, kanga aliyolalia, hata kitambaa alichombebea mtoto, vyote vinachuruzika maji. Mama Safari alikuwa ameoga mpaka anang'aa, amejipaka mafuta ya dukani yenye marashi. Bibi mwenyewe alikuwa amenawa.

"Tumefanya usafi, Sista," Mama Safari akasema, na fahari ilikuwa usoni mwake. "Wewe kila siku kliniki unasema usafi. Tukasema, Sista analala kwetu, mtoto anaumwa, tufue kila kitu."

Nikamshukuru. Ningesema nini? Watu walikuwa wamebeba maji kutoka mbali, kwenye matope, kwa heshima yangu. Lakini njia nzima nilikuwa nikifikiria mlango wa jikoni wa yule mwalimu wa Endasak. Nilikuwa nimekuja kuomba shuka aliyoilalia Udaghwenga ili nimfunge nayo Mama Safari, na shuka ndiyo hiyo, inanuka sabuni ya mche kama shuka ya mtu yeyote. Harufu ya yule mama ilikuwa imekwisha kumwagwa nyuma ya zizi.

Gidamis alikuwa amelegea sasa. Utosi ulianza kubonyea. Kilio chake kilikuwa kimepungua, na ninyi mnajua kwamba mtoto asiyekula akiacha kulia si habari njema.

"Hakuna kitu chake chochote ambacho hamjafua?" nikauliza.

Mama Safari aliinua macho kwenye giza la nyumba ya Udaghwenga, kwenye nguzo ya katikati. Pale ilikuwa imening'inia ngozi yake, lile vazi la kiunoni la mwanamke aliyeolewa, lililokatwa vipande virefu vyembamba na kupakwa samli tangu siku alipolivaa kwa mara ya kwanza. Siku ya mnada hakulivaa kwa sababu halikai vizuri kwenye bodaboda. Ngozi haifuliwi. Yote ya Udaghwenga yalikuwa humo: samli, moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa, jasho, maziwa yaliyomdondokea akimnyonyesha huyu mtoto.

Furaha ilinifanya niseme mno. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wachache hapa Maretadu, na nilimwona utotoni akifanya wanavyofanya wafugaji wote. "Bibi," nikasema, "ng'ombe akifiwa na ndama anakataa kutoa maziwa. Si tunamwekea ngozi ya ndama ainuse, anatoa? Basi na sisi tumwekee mtoto ngozi ya mama."

Bibi alisimama. Sikuwahi kumwona amesimama haraka vile.

"Ile ngozi ni ya ndama aliyekufa," akasema. "Mke wa mwanangu amekufa?"

Mama Safari akanivuta pembeni, akanieleza taratibu. Katika ukoo ule ngozi ya mwanamke anaishusha mwenyewe na kuivaa mwenyewe. Watu wengine wanaishusha siku moja tu, ya kumzika. Na tangu Udaghwenga aingizwe chumba cha upasuaji, simu ya mume ilikuwa haipatikani. Hakuna aliyejua katoka humo vipi. Kuishusha ngozi sasa kungekuwa kumtangulizia kaburi, na Bibi hangekubali hata kidogo kuwa yeye ndiye aliyemzika mkwewe akiwa mzima.

Msinicheke na msimcheke Bibi. Nilikaa nje juu ya jiwe, nikawaza kuiteremsha kwa nguvu ya koti langu jeupe, na nikaona haiwezekani. Kama kule hospitali mambo yangeharibika, maisha yake yote angeamini ni sisi. Yeye alikuwa analinda mama, mimi nalinda mtoto, na wote tulikuwa na haki. Mtoto ndiye hakuwa na muda wa kutusubiri.

Mtandao pale ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya zizi. Nilipanda na simu yangu, nikapiga, haipatikani. Nikashuka, nikalowesha midomo ya mtoto kwa maziwa, nikapanda tena. Sijui nilipanda mara ngapi, ila magoti yangu yalinikumbusha wiki nzima. Mama Safari alikaa chini ya kichuguu na mtoto kifuani, akisema naye polepole kwa lugha yao. Bibi alikaa mlangoni mwa nyumba ya Udaghwenga, mgongo ameuegemeza kwenye mlango, kama mlinzi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama, ng'ombe wanakaribia kurudi, simu ilipoita yenyewe mkononi mwangu. Alikuwa mume, Baba Safari.

"Sista, chaji ilikuwa imeisha. Wamemaliza. Yuko macho. Anamuulizia mtoto tu."

Nilimwita Bibi kwa sauti ambayo Sista Filomena angejivunia. Tukampandisha kichuguuni, mimi namsukuma nyuma na Mama Safari anamvuta mkono, nikaweka sauti ya nje. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo.

"Ni wewe?" akauliza kwa Kiswahili, nami nisikie.

"Ni mimi, mama. Shikamoo." Sauti ilikuwa nyembamba, yenye usingizi wa dawa.

Bibi hakuitikia salamu. Aliitazama simu kwa mashaka. "Ukienda kukamua asubuhi, unaanza na ng'ombe gani?"

Nikaogopa mtandao umekatika. Kisha tukasikia kitu kama kicheko kilichoumia.

"Sianzi na ng'ombe, mama. Naanza kumfukuza yule wa pembe iliyovunjika. Yeye anapiga teke kibuyu."

"Marahaba," Bibi akasema.

"Ananyonya?" Udaghwenga akauliza.

Kazi ya kujibu maswali ya namna hiyo ndiyo waliyoniajiria, basi nikasema, "Bado, binti yangu. Amekataa watu wote. Nguo zako zimefuliwa. Imebaki ngozi."

Alielewa yote mara moja, na ile siku moja ya kuishusha ikiwemo. Alipozungumza tena usingizi ulikuwa umetoka kwenye sauti.

"Mama, nisikilize. Mguu ndio umevunjika. Mimi sijavunjika. Shusha ngozi yangu. Nimekutuma mimi, nikiwa hai, mbele ya Sista na mbele ya Mama Safari. Mkono utakuwa wako lakini anayeshusha ni mimi."

Bibi alinirudishia simu, akashuka kichuguu bila kusaidiwa. Kabla sijamfuata nilimwambia Udaghwenga jambo moja la kazi, na ninyi msilisahau kwa mama yeyote aliyetenganishwa na mtoto. Akamue, kila saa ambayo mtoto angenyonya, hata kama ni ya kumwaga, ili yasikauke.

"Nimwage maziwa?" akauliza, na nadhani hilo lilimwogopesha kuliko upasuaji. "Kwetu maziwa hayamwagwi, Sista."

"Mpe mumeo ayamwage kwenye majani."

"Hapo sawa," akasema. "Majani yanaliwa."

Nilipoingia nyumbani, Bibi alikuwa amesimama mbele ya nguzo akisema maneno ya kwao, polepole, nisiyoyaelewa. Katikati nilisikia jina la Udaghwenga likitajwa tena na tena, nikaelewa anawataarifu wanaohusika kwamba mwenye ngozi yu hai. Kisha akainyanyua. Hakumvisha Mama Safari. Alimlazia mapajani na kuipandisha hadi kifuani, mikanda ya ngozi ikamwanguka pande zote. Harufu ya samli na moshi ikajaa chumba, ikafunika marashi. Mimi nilichukua kikombe chenye maziwa ya Mama Safari. Tukamketisha Gidamis juu ya ile ngozi.

Mwanzoni hakufanya kitu. Alikuwa amechoka mno. Halafu niliona tundu za pua zikitanuka. Akageuza kichwa upande mmoja, akasugua shavu kwenye ngozi, akageuza upande wa pili. Kidole kimoja kimoja, mkono wake ulifunguka, ukaushika mkanda mmoja wa ngozi na kuung'ang'ania. Alitoa sauti ndogo ambayo hakuitoa siku zote zile. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayebisha hodi.

Nikaleta ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, nikaishia hapo. Mtoto hanyweshwi, Paskalina. Subiri.

Ulimi ukatoka.

Uligusa maziwa, ukarudi, ukatoka tena. Akameza. Tulimsikia akimeza, maana humo ndani hakuna aliyekuwa anapumua. Alikunywa hadi nikaona chini ya kikombe, akapumzika, akanywa tena Mama Safari alipokamua mengine, na machozi ya Mama Safari yalikuwa yanadondoka juu ya ngozi ya mke mwenzake. Bibi alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono. Mimi nimezalisha wanawake wengi, nimeona watoto waliozaliwa kimya wakilia baada ya watu kukata tamaa, lakini sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona nyumbani mle. Mtoto wa miezi minne alikuwa amekataa dunia nzima kwa uaminifu. Tukampa kipande cha ngozi chenye habari za mama yake, akazisoma kwa pua, akakubali kuishi. Nani alimfundisha? Mpaka leo sijui, na vitabu vyenu vipya nimevisoma, navyo havijui, ila vinasema kwa maneno marefu zaidi.

Kesho yake alikubali titi la Mama Safari, mradi ngozi iko mapajani. Korongo likapungua, likajaa tena. Kila tulipomfunga mtoto kwa safari ya kumpeleka kwa mama yake, ngurumo ilijibu kutoka mlimani. Tulikuwa bado tunabishana na mvua habari ilipokuja kwamba Udaghwenga ameruhusiwa.

Alifika mchana, amebebwa na mumewe na shemeji zake kuvushwa maji yaliyobaki, mguu kwenye plasta, magongo mapya. Nilikuwepo. Nilikuja na kikombe changu, kwa mazoea. Alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, akanyoosha mikono kabla hata hajasalimia watu, na Mama Safari akamletea mtoto.

Gidamis alimtazama. Kisha akakunja uso, akageuka, akaficha kichwa kifuani kwa Mama Safari, akaanza kulia.

Mikono ya Udaghwenga ilibaki hewani. Alikuwa ananuka spiriti, dawa, plasta na sabuni ya wodini. Hata mimi, niliyeishi na harufu hizo maisha yangu yote, niliziona ngeni bomani pale. "Amenisahau," akasema. Yule msichana wa kicheko alisema hivyo kwa sauti ndogo sana, na mbele ya gauni lake palikuwa pameanza kulowa. Alikuwa amekamua na kumwaga kwenye majani kila siku ya Mungu, na maziwa yalikuwa yamesikia kilio cha mwenyewe hata kabla mwenyewe hajayakubali.

Nilianza kufungua kitambaa cha kikombe. Lakini Mama Safari alikuwa amekwisha kuinama. Aliivuta ngozi kutoka mapajani mwake, taratibu, maana na yeye alikuwa amemzoea mtoto. Akaiweka kwa Udaghwenga, juu ya plasta na yote, akaipandisha kiunoni na kifuani, akamwekea mtoto juu yake.

Gidamis akanyamaza. Pua ikafanya kazi yake. Alinusa ngozi, akanusa tumbo, akanusa lile gauni lililolowa, akarudi kwenye ngozi kuhakikisha. Halafu akainua macho, akamtazama mama yake usoni, muda mrefu, kama mtu anayesoma jina mlangoni na kugundua ni kwake. Udaghwenga hakumvuta wala hakumsogeza. Alisubiri. Sijui nani alimwambia. Na mtoto akafungua mdomo, akaenda mwenyewe.

Bibi alinigeukia. Alikitazama kikombe mkononi mwangu.

"Rudisha kikombe chako, Sista," akasema. "Mwenye ngozi amekuja."

Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakirudisha mfukoni.